Butembo: Chupa ya mafuta ya freni, hatari ya barabarani mpaka nyumbani

Ilikuwa karibu saa kumi ya jioni, kwenye barabara ya kitaifa namba 2. Gari tuliyopanda kutoka Butembo kwenda Beni, Toyota ya zamani iliyobeba watu saba na magunia juu, ilikuwa inashuka mteremko wakati dereva alikanyaga freni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pedali ilizama mpaka chini kama mguu unaoingia kwenye matope. Dereva hakusema neno. Alirudisha vitesi, ya tatu, ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia kwa nguvu, akaisugua gari kwenye ukingo wa udongo mpaka ikasimama. Mama mmoja aliyekaa nyuma alianza kusali kwa sauti wakati gari ilikuwa imekwisha kusimama.

Hakuna aliyeumia. Lakini kati ya Butembo na Beni, kilomita 54, si mahali ambapo mtu anapenda kukwama giza linapoingia, na kila mkaaji wa huku anajua sababu. Tulifika Beni usiku, polepole, kwa vitesi vya chini na kwa freni ya mkono.

Siku chache baadaye nilifuatana na dereva yule mpaka garaji anayoiamini. Fundi, mzee mwenye mikono iliyopasuka kwa miaka ya kazi, alifungua kikopo cha mafuta ya freni, akavuta kidogo kwa sindano ya hospitali, akayamimina ndani ya glasi yenye maji. Alitazama, akatikisa kichwa.

— Muzee, ni nini? nilimuuliza.

— Hii haiko mafuta ya freni, kijana yangu. Balitia rangi tu.

Dereva alikuwa amenunua chupa hiyo siku tatu kabla ya safari, ikiwa imefungwa vizuri, na jina la kampuni inayojulikana limeandikwa juu yake. Alilipa karibu nusu ya bei ya kawaida. Nilitaka kumlaumu, nikajizuia. Mwezi uliopita nami nilinunua uile ya pikipiki yangu kwa njia ileile, nikafurahi kwamba nimebakiza pesa ya mkate.

Ndani ya bomba la freni

Mtu akikanyaga freni, mguu wake haubani gurudumu. Ni mafuta yaliyo ndani ya mabomba membamba yanayopeleka nguvu ya mguu mpaka kwenye magurudumu. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana freni inashika. Hewa na mvuke vinabonyea. Kama mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye bomba, na nguvu yote ya mguu inaishia kuubana mvuke huo. Ndiyo ile pedali inayozama.

Kwenye mteremko mrefu, na mzigo juu, freni inapata moto mkali sana. Kwa hiyo mafuta halisi yana kipimo kinachoandikwa kwenye chupa: DOT 3, DOT 4 ao DOT 5.1. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya digri 205, na yale ya DOT 4 kabla ya digri 230. Yakikaa ndani ya gari yanavuta unyevu wa hewa kama vile chumvi inavyofanya wakati wa mvua, na nguvu yake inapungua. Hata hivyo, DOT 3 iliyokwisha kuvuta maji inapaswa kuvumilia mpaka digri 140, na DOT 4 mpaka 155. Sasa linganisha na maji matupu: huku Butembo, kwenye mwinuko wa karibu mita 1700, sufuria ya maji inachemka kwenye digri 94 hivi.

Anayeghushi hatafuti digri, anatafuta rangi. Anaweza kuweka maji, alkoholi ya viwandani, ao mafuta mengine ya bei rahisi yanayofanana kwa macho. Glasi ya yule mzee ilikuwa jaribio rahisi: mafuta ya freni ya DOT 3 na DOT 4 yanachanganyika na maji, mafuta ya injini yanaelea juu. Ya dereva wetu yalielea. Na mafuta ya aina hiyo yana ubaya mwingine, kwani yanavimbisha mipira midogo inayofunga mfumo wa freni. Hata ukiyamwaga na kuweka mazuri, mipira imekwisha kuharibika. Dereva alibadilisha mipira yote, na ile nusu ya bei aliyookoa aliilipa mara nyingi.

Vumbi ambalo watoto wa garaji wanavuta

Tukiwa bado pale, kijana mmoja anayejifunza kazi alikuwa anasafisha freni za nyuma za kamyo. Alichukua bomba la upepo wa kompresa, akapuliza. Wingu jeusi lilifunika uso wake. Alicheka, akapangusa macho kwa mkono, akaendelea. Nimeona jambo hilo katika garaji zaidi ya moja, na wengi wa vijana hao hawajafika miaka 18.

Kwa miaka mingi, plaketi za freni duniani zilitengenezwa kwa amianti, nyuzi za jiwe zisizoshika moto. Plaketi ya amianti inaweza kushika vizuri kabisa, na hapo ndipo watu wanadanganyika: shida iko kwenye vumbi lake. Shirika la afya duniani, OMS, linasema aina zote za amianti zinaleta kansa, ikiwemo ya mapafu na ile ya ngozi nyembamba inayozunguka mapafu. Ugonjwa haukuji kesho. Unaweza kuchukua miaka 20, 30, hata 40. Kijana aliyepuliza vumbi leo atakuwa baba wa watoto wakubwa siku atakapoanza kukosa pumzi, na hakuna atakayekumbuka kamyo ile.

Umoja wa Ulaya ulikataza amianti mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008. Marekani ilichukua uamuzi wa kukataza amianti nyeupe, pamoja na vipande vya freni vilivyotengenezwa nayo, mwezi Machi 2024 tu. Na sheria peke yake haitoshi: mwaka 2012, Australia, magari mapya karibu 23 000 kutoka China yaligunduliwa kuwa na amianti kwenye vipande vya injini, na nchi hiyo ilikuwa imekataza kuiingiza tangu zamani. Kama jambo hilo linatokea kwa gari jipya lenye karatasi zote, ni nani atasema kilicho ndani ya plaketi inayouzwa bila boksi, bila namba, pembeni ya barabara?

Jambo moja halihitaji pesa. Freni isafishwe kwa kitambaa kilicholowa maji, vumbi lisipulizwe wala kufagiliwa likiwa kavu. Mzee yule anajua. Alimkaripia kijana mbele yetu, na nina hakika kijana alipuliza tena tulipoondoka, maana kwa upepo kazi inakwisha upesi.

Sumu tamu

Kuna chupa nyingine ambayo familia nyingi hazizijui hatari zake: maji ya radiateri, yale ya rangi ya kijani, buluu ao nyekundu. Yale halisi mara nyingi yana etileni glikoli, kemikali inayozuia injini kuchemka. Ni sumu hata kama chupa ni ya kweli. Ubaya wake ni kwamba ina ladha ya sukari. Mtoto anayeonja hatemi. Mafundo machache yanaweza kuua figo zake, na mwanzoni anaonekana kama mtu aliyelewa tu.

Ya bandia yanaweza kuwa mabaya zaidi, kwani kuna wanaotumia metanoli, ambayo ni rahisi kuliko glikoli. Metanoli inachemka kwenye digri 65 hivi, na injini inayotembea vizuri inakaribia digri 90. Kwa gari ni hasara. Kwa mtu ni upofu: metanoli inaharibu mishipa ya macho, na ikizidi inaua. Mvuke wake nao ni sumu kwa fundi anayefungua radiateri moto na kuinamisha uso.

Kemikali za ukoo huu zimekwisha kuua watoto wa Afrika. Mwaka 2022, nchini Gambia, zaidi ya watoto 60 walikufa kwa figo, na OMS ilitoa onyo juu ya sirupu za kikohozi zilizokuwa na dietileni glikoli na etileni glikoli. Haikuwa ajali ya gari, ilikuwa dawa ya hospitali. Lakini ni kemikali hizohizo zinazokaa kwenye rafu za vipuri, na huku kwetu mlango kati ya butiki ya vipuri na jiko la nyumba uko wazi. Mlango huo ni bidoni.

Kila mtu anayeishi huku anajua thamani ya bidoni tupu. Bidoni iliyoleta uile ya injini inaoshwa kwa sabuni na majani, kisha inabeba maji ya chemchemi, mafuta ya mawese ao kasiksi. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa nayo inarudi garaji, inajazwa mafuta ya freni, inawekwa chini ya benchi ambapo mtoto wa fundi anacheza. Sabuni haitoi kila kitu kilichoingia kwenye plastiki. Na harufu ikikwisha, watu wanasema imetakata.

Mafundi na madereva wengi wanavuta mafuta kwa mdomo kwa kutumia mpira. Kama mtu amemeza, ao mtoto amekunywa, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, na chupa ipelekwe pamoja naye ili munganga ajue anapambana na nini. Dawa ya sumu hizi ipo, lakini inasaidia kabla figo hazijaharibika.

Chupa tupu inanunuliwa na nani?

Nilidhani kwamba bidhaa bandia zote zinatoka mbali. Njia inajulikana: wafanyabiashara wa Butembo wanaagiza Dubai na Guangzhou, mzigo unashuka bandari ya Mombasa, unapita Kampala, unaingia Congo kwa mpaka wa Kasindi. Wengi ni watu wa kazi yao, na baadhi wanadanganywa na wauzaji wa kule kama vile sisi tunavyodanganywa huku. Mpakani kuna duwane, na kuna Ofisi ya Congo ya Ukaguzi, OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974, ambayo kazi yake ni kuhakikisha ubora wa bidhaa zinazoingia. Lakini kontena moja inaweza kubeba vitu vya watu kumi, viatu juu, chupa chini. Na jicho la mkaguzi halioni digri za kuchemka. Bila kupima, chupa ya kweli na ya uongo ni mapacha.

Mzee wa garaji alinionyesha upande mwingine. Karibu na mlango kulikuwa na lundo la chupa tupu za uile, safi, etiketi zikiwa bado nzuri. Kuna watu wanaopita kuzinunua, wanalipa zaidi kwa zile zenye kifuniko. Wengine wananunua pia uile ya vidanji, ile nyeusi iliyotolewa ndani ya injini. Ikichujwa na kutiwa rangi, inarudi sokoni ndani ya chupa ya jina kubwa. Bidhaa ya namna hiyo haivuki mpaka wowote, kwa hiyo hata ukaguzi mkali wa Kasindi hauwezi kuikamata. Nafikiri hapo ndipo wahusika wa mji wangepaswa kuangalia kwanza.

Uile iliyokwisha kutumika inabeba mabaki ya chuma, madini ya risasi, na masizi yanayoleta kansa ya ngozi kwa anayeishika miaka mingi bila kunawa. Wako wanaoipaka kwenye mbao, wako wanaoimwaga barabarani kuzuia vumbi, wako hata wanaoipaka kwenye vidonda. Nyingine inatupwa kwenye mtaro na inafuata mvua mpaka mtoni. Ofisi ya mazingira ya Marekani inasema uile ya vidanji moja inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi, yaani zaidi ya lita milioni tatu na nusu.

Motari anayepaswa kumletea mwenye pikipiki pesa zake kila jioni atanunua uile ya bei ya chini, hata akisoma habari hii mara mbili. Simlaumu. Naweza kumwambia tu yale niliyoona: kifuniko kiwe na pete isiyovunjika, namba ya kutengenezwa iwe imepigwa kwenye chupa yenyewe na si kwenye karatasi tu, kipimo cha DOT kiwepo, na butiki ikubali kutoa fakture. Muuzaji anayekataa kuandika jina lake kwenye fakture amekwisha kujibu swali.

Nilirudi kwa yule mzee wiki iliyopita. Karibu na lundo la chupa amening'iniza msumari mrefu kwenye kamba. Kila chupa inayoisha, kijana anaitoboa mara mbili chini na anakata etiketi kabla ya kuitupa. Ananiambia wanunuzi wa chupa hawapiti tena kwake. Wanapita garaji ya jirani.