Nyungunyungu wa jikoni si minyoo ya tumboni

IKIWA unaishi katika nyumba ya ghorofa, bila shaka unaijua shida ya takataka za jikoni. Maganda ya viazi na ndizi na mabaki ya sukuma wiki hukaa ndooni siku kadhaa yakingoja mzoaji taka. Hayachukui muda kabla ya kuvunda na kuvutia nzi, mende na panya. Nzi akitoka hapo hutua kwenye chakula na kukiachia viini vya kuhara. Watoto wachanga ndio huumia zaidi.

Ipo njia ya kupunguza hatari hiyo hata kama huna shamba: kufuga nyungunyungu wekundu ili wakulie taka zako.

Wengi husikia neno minyoo wakashtuka. Yafaa ujue tofauti. Minyoo ya tumboni huishi mwilini mwa mtu na kumnyonya chakula au damu. Nyungunyungu hula vitu vinavyooza na hawezi kuishi tumboni mwako.

Wanaofaa ni wale wadogo wekundu wanaopatikana kwenye samadi iliyooza. Wakubwa wa shambani, ambao huchimba chini sana, hawafai. Nusu kilo yatosha kuanzia.

Tafuta beseni la plastiki lenye kifuniko, kina chake kiwe kama sentimita 30. Toboa matundu pembeni ya kuingiza hewa, na mengine chini ya kutoa maji, kisha uweke sinia chini yake. Rarua magazeti makuukuu, uyaloweshe na kuyakamua, halafu uyatandaze ndani. Ongeza konzi moja ya udongo. Weka beseni kivulini, kwa maana nyungunyungu hupenda joto la kati ya nyuzi 15 na 25. Walio Mombasa watafute pembe yenye baridi zaidi nyumbani.

Fukia chakula chini ya karatasi ili nzi wasikifikie. Wapatie maganda ya matunda na mboga, majani ya chai na maganda ya mayai yaliyopondwa. Usiwape nyama, samaki, maziwa wala mafuta. Malimau na vitunguu viwe kidogo tu. Kinyesi cha mbwa au paka kisiingie kamwe, kwani huweza kubeba minyoo inayodhuru watu.

Wakishazoea, nusu kilo ya nyungunyungu huweza kula hadi robo kilo ya taka kwa siku. Ukisikia harufu mbaya, jua chakula au maji yamezidi. Acha kuwalisha siku chache na uongeze karatasi kavu.

Baada ya miezi mitatu au minne utaona mboji nyeusi yenye harufu ya udongo wa mvua. Isukume upande mmoja, uweke chakula upande wa pili, nao watahamia huko. Mboji hiyo yafaa kwa sukuma wiki au dania iliyopandwa kwenye gunia au mkebe.

Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kushika beseni, na uwafunze watoto wafanye vivyo hivyo. Mboga uzioshe vizuri kabla ya kupika.

Sheria ya kusimamia taka ya mwaka wa 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza. Ukiwa na beseni hili, kazi hiyo utakuwa umeianza jikoni mwako, na ndoo yako haitakuwa tena makao ya nzi.