Foleni ya kasiksi haisogei kwa nini?

Siku ya soko hapa Kayna, Kivu ya Kaskazini, nyumba inayosifika kwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, huijui kwa kibao. Utaziona bidoni za njano zimepangwa chini, kila moja imefungwa kitambaa au kamba ya mwenyewe shingoni, na wenyewe wamesimama pembeni wakiongea. Anayepita na gari kuelekea Kirumba atadhani pombe imekuwa kidogo. Mara nyingi pombe ipo tele. Kilichopungua ni mikono.

Tumchukue mama mmoja anayepokea pesa, kurudisha chenji na kumimina, yote peke yake. Tuseme mteja mmoja anamchukua wastani wa dakika 1, yaani ana uwezo wa kuhudumia watu 60 kwa saa. Wakija 30 kwa saa, kila mmoja atangoja wastani wa dakika 1. Wakija 48, dakika 4. Wakija 57 itakuwa dakika 19, na bado hawajafika 60! Sababu ni kwamba watu hawaji kwa zamu. Gari linashusha watano kwa mpigo, halafu kimya. Huyu anataka kikombe, yule bidoni ya lita 20. Dakika ambazo mama alikaa bure asubuhi haziwezi kumsaidia alasiri. Aliyeanzisha hesabu za namna hii ni Agner Krarup Erlang, mtu wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Andiko lake la kwanza kuhusu jambo hili lilitoka mwaka 1909.

Lakini simu za Erlang hazikuwa zinachacha. Bia ya Primus inaweza kungoja wiki nyingi kwenye kreti. Kasiksi haina subira hiyo. Ndizi zinavundikwa siku kadhaa, zinakandwa pamoja na nyasi mpaka maji yatoke, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha chombo kinafunikwa kwa majani ya mgomba. Siku moja au mbili, iko tayari; siku chache zaidi, ni kali ya kukunja uso. Kwa hiyo mpishi anailenga siku ya soko, wanywaji nao wanalijua hilo. Ongeza ukosefu wa usalama wa siku hizi, kila mtu akitaka kuwa nyumbani kabla ya giza, na wote wanajazana saa zile zile. Halafu kuna mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001 kabla ya kuenea sehemu nyingine za Kivu: penye ndizi chache, wanywaji wanabanana kwa wale wachache waliobaki nazo.

Pale pombe ipo tele, kupika zaidi hakuondoi foleni. Dada mmoja akikaa kando kupokea pesa, na kumimina peke yake kukachukua sekunde 40, wale wateja 57 watangoja kama dakika 1 tu badala ya 19. Wakimimina wawili, kila mmoja akifanya kazi yote, kungoja kunashuka chini ya nusu dakika, mradi mstari uwe mmoja na wa mbele aende kwa aliye huru. Mistari miwili inazidisha kungoja huko karibu mara tatu, maana mmoja utakwama kwa mwenye bidoni huku wa pili ukiwa mtupu. Na mwenye bidoni kwa nini asimame kabisa? Alipe, aache chombo chake, arudi baadaye. Kijazwe wakati wa kimya. Ndoo ya kunawa, tuliyoizoea tangu Ebola ya 2018 hadi 2020, ikae mkiani mwa mstari, si mbele ya anayemimina.

Kwa mnywaji, hesabu ni fupi. Tazama wangapi wanahudumiwa katika dakika 5. Wakiwa 5 na mbele yako wako 18, utafikiwa baada ya dakika 18, basi nenda ukanunue chumvi, umwombe wa nyuma akushikie nafasi.

Naye mama, pombe ikikaribia kuisha, apime lita zilizobaki, atembee mpaka kwa mtu ambaye haitamfikia, amwambie pale pale.