Antene juu ya malata, makuta inabakia mu nyumba

Ndugu zetu wa mine, na nyinyi bamama munaotunza nyumba, leo hatuzungumze juu ya prime wala juu ya kontra. Tunazungumza juu ya televizyo. Lakini mutaona, ni mambo ya mshahara vilevile.

Mu makambi yetu ya Kolwezi na Likasi, bengi wanalipa abonema ya parabole mbele ya kulipa deni la unga. Siku kontra ya miezi mitatu inamalizika, abonema inakatika nayo, na poste inageuka meza ya kuwekea maua. Baba wa nyumba hasikie tena tangazo la gavana, wala siku ya masomo kuanza, wala barabara gani imefungwa. Na saa ileile mawimbi ya RTNC na ya vituo vya muji yanapita juu ya kichwa chake, bule.

Kinachotakiwa ni antene ya fimbo nyingi, ile inafanana na mufupa wa samaki. Haiko kitu cha jana: Wajapani wawili, Uda na Yagi, waliitengeneza mu mwaka 1926. Fimbo ndefu ya nyuma inarudisha mawimbi, ile yenye kable inayapokea, na zile fupi za mbele zinayaongoza. Kwa hiyo fupi ndizo zinaangalia emeteri. Ukigeuza, utaona theluji tu na utamutukana muuzaji bule.

Fundi anaweza kuitengeneza kwa tuyo nyembamba za aluminiyo. Kipimo ni nusu ya urefu wa wimbi. Kituo cha megaherzi 200 wimbi lake ni metre 1.5, basi fimbo inayopokea inakaribia sentimetre 75. Kwa megaherzi 500, inakaribia 30.

Usiiweke ndani ya nyumba. Malata ni chuma, inafunga njia ya mawimbi. Iende inje, juu ya mulingoti, metre mbili hivi kupita malata. Na kama terril iko kati yenu na emeteri, ongeza urefu ao tafuta pembe ingine ya lupango. Kable ni ile ya oomu 75, kipande kimoja, fupi iwezekanavyo. Uzi wa taa haufai. Mu kichwa cha kable, nyuzi ndogo za kuzunguka zisiguse uzi wa katikati. Kisha mumoja anageuza mulingoti polepole, mwingine anaangalia poste, na mutoto mu mulango anapaza sauti: "Bado! Rudisha! Hapo hapo!"

Sasa neno la TNT. Kwa mapatano ya Geneva ya 2006, inchi za Afrika ziliwekewa tarehe 17 juni 2015 ya kuacha analogi mu mawimbi mengi ya televizyo. Wauzaji walipata nafasi ya kuuza "antene ya numeriki" kwa bei kali. Hakuna kitu kama hicho. Antene ni ileile, kama fimbo zake zinafaa kwa mawimbi ya kwenu. Kinachobadilika ni poste: iwe na DVB-T2 ndani, ao ununue dekoda ndogo ya T2. Mbele ya kutoa makuta uliza swali moja tu: inafanya kazi bila karte na bila abonema? Akianza kuzungusha maneno, rudi kwenu.

Tunakuja mu ile inatuuma zaidi. Mu mine, hakuna anayepanda juu bila mukaba na bila mwenzake chini. Mbona siku ya yenga, kwake nyumbani, muntu uleule anapanda na sandale, ngazi inashikwa na mutoto wa miaka saba? Angalia nyuzi za SNEL kwanza. Mulingoti ukianguka upande wowote, usifikie uzi hata mumoja. Kama nyumba ni ya zamani na juu ni eternit, usitoboe: mu ile ya zamani muko amiante, na vumbi lake linaharibu mapafu. Funga mulingoti ku ukuta.

Na radi. Kutoka novemba mpaka machi, Katanga inapigwa. Shusha uzi munene wa kuivre kutoka mulingoti mpaka chuma kilichopigwa ndani ya bulongo, upitie inje ya nyumba. Huo uzi unasaidia, lakini hauzuie radi inayopiga mulingoti wenyewe. Mawingu yakianza kuwa meusi, chomoa kable ya antene na prize ya poste. Ukisikia ngurumo, umekwisha kuchelewa, acha kushika.

Kompani moja iliweka parabole mu nyumba za bakubwa, batumishi wakaambiwa wajinunulie. Tutairudilia mu kikao. Kwa wakati huu, watu wa kambi yetu: siku ya yenga, kisha misa. Leteni tuyo na kable. Ngazi na mikaba miwili iko kwetu siye delege.