Riwaya za mauaji kwa Waamishi: nani ana ruhusa ya kusema?

Mpelelezi wa riwaya anaishi kwa kuuliza maswali. Mu mji kama Lubumbashi atauliza jirani, mwenye duka, dereva wa taksi. Sasa, akifika mahali ambapo watu wote wanamwitikia kwa heshima, lakini hakuna anayemwambia kitu? Njo hapo kunazaliwa riwaya za upelelezi zinazotungwa kuhusu Waamishi wa Marekani, ambazo zina wasomaji wengi sana.

Waamishi ni Wakristo waliotengana na wenzao huko Uswisi na Alsace mwaka 1693, wakimfuata mzee wao Jakob Ammann. Leo wengi wao wanaishi Pennsylvania, Ohio na Indiana. Wanatembea na gari la farasi, hawaingizi umeme wa kampuni mu nyumba, na kati yao wanaongea aina ya Kijerumani. Aliyebatizwa akivunja agano na akikataa kutubu, anatengwa: hata chakula hali meza moja na wenzake.

Msifikiri ni watu wa mbali kabisa. Congo Inland Mission, misheni iliyofika Kasai mwaka 1912 na kuanzisha makanisa ya Wamennonite, iliundwa na makanisa mawili ya Marekani yenye asili ya Kiamishi. Kwa hiyo jirani yako wa Tshikapa akikwambia yeye ni Mennonite, jua kwamba ni ukoo mmoja.

Tuchukue mfano wa riwaya moja. Mwaka 2009 Linda Castillo alitoa *Sworn to Silence*. Kate Burkholder, mkubwa wa polisi mu mji mdogo wa Ohio, alizaliwa Mwamishi kisha akatoka. Anajua lugha yao, anajua desturi, lakini wazee wanamwona kama mtu aliyepotea. Tena yeye mwenyewe ana siri: alipokuwa na miaka 14 mwanaume alimshambulia, na familia yake ikafunika jambo lote. Hakuna polisi, hakuna tribinali. Wakaomba, wakanyamaza.

Kwa hiyo swali kubwa la riwaya hizi si paka “nani aliua?” Ni hili pia: nani ana ruhusa ya kusema mbele ya mgeni? Na ukimya ule unamlinda nani?

Swali hilo tunalijua. Ni mara ngapi tunasikia “tumalizane mu familia”, ao “mambo ya kanisa ibakie ku kanisa”? Mara nyingine ni hekima, inaponya ugomvi. Lakini wakati mtoto ameumizwa, ukimya unakinga jina la wakubwa, na mtoto anabeba mzigo peke yake.

Katanga nayo ina mwandishi aliyeingia ndani ya nyumba iliyofungwa. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alikuwa kijana wa watawa Wabenedikto huko Rwanda, kisha akatoka, kama Kate. Mwaka 1989 alitoa *Shaba deux*, riwaya iliyoandikwa kama daftari la mamere mmoja Mwafrika, Marie-Gertrude, wakati wa vita ya Kolwezi ya 1978. Si riwaya ya upelelezi. Lakini tunasoma mawazo ambayo mamere huyo hawezi kuyasema kwa sauti mu nyumba ya watawa.

Jambo moja la kuangalia: Castillo si Mwamishi, na kwa Waamishi wa kweli mauaji ni machache sana. Anayesoma vitabu hivi tu atafikiri kila shamba lina maiti. Sisi Wakongo tunajua uchungu wa kuelezwa na wageni kwa vita peke yake. Basi tusome kwa raha, tukikumbuka kwamba picha ile imechorwa na mtu aliyesimama inje ya uzio.