Mawazo ya Mfanyakazi

Mtu akikatwa kidole na mashine, kiwanda kizima hujua. Lakini mtu akikosa usingizi miezi mitatu, akawa mkali kwa wanawe na mzito wa mkono kazini, sisi wenyewe humwita mvivu, au husema amerogwa. Mnyapara naye humkata siku.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya sonona na hofu. Mwaka mmoja kabla ya hapo mashirika hayo yalikuwa yametoa hesabu nyingine: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kuliua watu kiasi cha 745,000 mwaka 2016, kwa kiharusi na maradhi ya moyo. Saa 55 si mbali na sisi. Ni saa tisa na dakika kumi kwa siku sita.

Tuanze na usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Atokaye zamu ya usiku afike, ale kidogo, atundike blanketi dirishani, alale kabla ya shughuli nyingine. Chai ya rangi na kahawa aziache tangu katikati ya zamu, kwani nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi. Pombe nayo hudanganya: humlaza mtu upesi, kisha humwamsha usiku wa manane. (Siku ya mshahara twajua wenyewe mambo yalivyo.)

La pili ni kusema. Huko Zimbabwe, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa benchi la urafiki. Akina bibi wa mtaani, ambao si madaktari, walifundishwa kusikiliza, wakakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Washona huita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi husema fulani ana mawazo. Bibi hatoi hotuba. Humwacha mtu ataje shida zake zote, achague moja tu, kisha watafute pamoja hatua ya kuanzia. Matokeo ya uchunguzi yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na nafuu kuliko waliopata matibabu ya kawaida.

Jambo hili halihitaji fedha. Wakati wa chai, mbali na kelele za mashine au penye foleni ya mizani, keti na mwenzako mmoja unayemwamini. Siri yake isifike kwa mnyapara. Na mwenzako akisema afadhali afe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, hatukubali mwajiri atuambie tupumue polepole huku akituongezea saa. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Mkataba namba 171 wa mwaka 1990 unasema mfanyakazi wa usiku akiomba apimwe afya bila malipo. Orodha ya zamu nayo ikibandikwa jioni ya kuamkia zamu, nani ataweza kupanga usingizi? Kamati za matawi ziidai ibandikwe wiki mbili mapema.