Jina lako libandike kwenye sanduku la barua: wiki zangu za kwanza Ujerumani

Tangu nifike huku wengi wananiuliza Ujerumani kukoje, na wote mnaanza na baridi. Baridi ipo, koti linanunuliwa, mambo yanaisha. Kilichonitoa jasho mimi hapa Leipzig ni karatasi. Naandika ili wewe unayejaza fomu hapo kafe usije ukalala njaa wakati pesa yako iko benki, kama mimi.

Niwaeleze kwanza hiyo pesa. Ukiomba viza ya masomo na huna skolashipu wala mdhamini, njia iliyozoeleka ya kuonyesha utaweza kuishi ni kufungua akaunti wanayoiita Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Unaiweka yote kabla ya viza, halafu ukishafika unatolewa euro 992 kila mwezi, basi, hata ulie. Sisi ili ipatikane, mjomba aliuza kiwanja chake cha Kigamboni, mama akakopa vikoba, na ndugu wa Tanga wakachanga. Kwa hiyo nilipopanda ndege Oktoba 2025 sikuwa mwanafunzi tu, nilikuwa kiwanja cha watu kinachotembea.

Mfukoni nilikuwa na euro 150. Nikasema za nini nyingi, si hela yangu iko kule?

Kumbe ile akaunti haikupi noti mkononi. Inatuma pesa kwenye akaunti ya kawaida ambayo lazima uifungue mwenyewe ukishafika. Benki niliyokwenda wakataka karatasi ya usajili wa makazi. Usajili unafanywa manispaa, na sheria inataka ukajiandikishe ndani ya wiki mbili tangu uhamie kwenye nyumba. Manispaa nao wanataka karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unaishi pale. Yaani kila mlango ufunguo wake uko nyuma ya mlango mwingine.

Karatasi ya mwenye nyumba anayo msimamizi wa jengo. Nikampigia, akaniambia njoo Jumanne "halb acht". Kijerumani changu cha darasani kinajua halb ni nusu na acht ni nane. Nane na nusu ya Kizungu, kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Nikafika saa mbili na robo, mtu makini kabisa. Hakuna mtu. Jirani ndiye aliyenifumbua macho: Mjerumani akisema nusu nane anamaanisha nusu ya kwenda kwenye nane, yaani 7:30, saa moja na nusu ya kwetu. Sisi tuliokwisha kuzoea kuongeza na kutoa saa sita kila tukiongea na Mzungu, tukija huku tunaambiwa tutoe na nyingine moja! Na jamaa anapita Jumanne tu. Wiki hiyo ikaenda hivyo.

Jumapili yake nikaamka jikoni hamna kitu. Nikatoka kutafuta japo mkate, mji mzima maduka yamefungwa. Siyo sikukuu, ni sheria, Jumapili maduka hayafunguliwi isipokuwa machache kama yale ya stesheni kuu. Barabara tupu, gari hata moja hakuna, na watu wamesimama wanasubiri kile kitaa chenye picha ya kijamaa mwenye kofia kigeuke kijani ndio wavuke. Nikasimama nao na njaa yangu.

Jumanne iliyofuata nikapata karatasi, nikasajiliwa, nikafungua akaunti. Nikajua nimemaliza. Benki wakasema kadi itakuja kwa barua, na namba ya siri kwa barua nyingine. Nikasubiri. Siku ya nne, ya saba, ya kumi, hamna kitu. Nikienda benki wananiambia wameshatuma.

Hela ikawa inaisha. Hapa nitasema jambo ambalo nyumbani sijalisema. Huku chupa nyingi za soda na maji za plastiki, pamoja na makopo, unaponunua unalipia senti 25 za ziada, ukirudisha tupu kwenye mashine ya dukani unarudishiwa. Nimeona wazee wa Kizungu, watu wa umri wa babu yangu, wanainamia mapipa ya taka kutafuta chupa. Siku za kwanza nilishangaa sana, maana picha ya majuu niliyokuja nayo haikuwa na mzee wa namna hiyo. Wiki ya nne nikaokota na mimi. Usiku, kofia nimeishusha machoni. Chupa 11, euro 2 na senti 75. Nikanunua mkate na mayai.

Usiku huohuo mama akapiga. "Umekula mwanangu?" Nimekula mama. "Huko mnakula nini?" Mayai, mama. Sikudanganya.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kikongo, mtu wa Bukavu. Alinisikia kwenye tramu naongea na mdogo wangu kwenye simu, akageuka: "We mtoto, uko unasema Kiswahili ya wapi?" Nikamwamkia, nikamweleza kisa chote. Hakuuliza habari za benki hata kidogo. Akauliza, "Na jina yako iko kwenye sanduku ya barua?"

Jina gani? Wadau, kwetu barua inakwenda kwenye sanduku la posta lenye namba, unaifuata mwenyewe. Huku mtu wa posta anakuja mpaka mlangoni na anasoma majina. Sanduku letu lilikuwa na majina mawili, ya wale ninaoishi nao. Langu halipo, basi kwake mimi siishi pale, barua inarudi ilikotoka. Nilikuwa nimejisajili serikalini lakini sijajisajili kwa postamani! Nikakata kipande cha karatasi, nikaandika jina, nikabandika na selotepu. Benki wakatuma upya, ndani ya wiki zote mbili zikafika. Namba ya kodi, ambayo ukipata kibarua cha kubeba maboksi mwajiri ataihitaji, nayo inakuja kwa barua.

Ikaja na barua ya kudai euro 18.36 kwa mwezi za redio na televisheni. Nilitaka kuichana nikidhani ni matapeli, maana sina televisheni. Siyo matapeli. Inalipwa na kila nyumba, uwe nayo usiwe nayo, ila ni moja kwa nyumba nzima, kwa hiyo tunachangiana.

Kwa anayejiandaa: usije na euro 150 kama mimi. Mimi ningekuja tena ningebeba ya kula mwezi mzima na nusu, mbali na kodi ya chumba. Mwombe mwenye nyumba ile karatasi kabla hujapanda ndege, na siku ya kuhamia, kabla hujafungua begi, shuka na selotepu.

Mjomba habari za chupa hana. Kama unasoma hapa, shikamoo mjomba. Kiwanja kipo, kinakula vizuri sasa hivi.