Jiwe la Kijani la Eburru

Mvua ikichimba miteremko ya Mlima Eburru, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Naivasha, huacha wazi vipande vyeusi vinavyong'aa. Inua kimoja chembamba uelekeze juani: ukingoni kina kijani cha chupa ya soda. Watu huniletea wakiuliza kama ni kwatzi, na kama ina bei.

Si kwatzi, ingawa ni ndugu yake. Vyote viwili msingi wake ni silika. Kwenye kwatzi, atomi zilipata nafasi ya kujipanga safu kwa safu. Lava ya Eburru iliganda upesi, atomi zikakwama ovyo. Matokeo yake ni kioo cha volkano, yaani obsidiani. Kijani chake kinatokana na chuma.

Kwatzi safi haina rangi kabisa, kwa hiyo kijani chake huletwa na kitu kingine. Ninayoipenda zaidi ni krisopraso, ile inayotajwa katika Ufunuo sura ya 21. Ya karibu nasi hutoka Haneti, mkoani Dodoma. Huko miamba yenye nikeli huoza taratibu, maji yakabeba nikeli na silika, vikaganda pamoja kwenye nyufa. Usiitafute kwenye volkano za Menengai wala Eburru: lava zetu hazina nikeli ya kutosha. Aventurini hupata kijani kutoka kwa vipande vidogo vya maika yenye kromi. Kwatzi ya kijani hafifu, inayopitisha mwanga, mara nyingi ni amethisto iliyopashwa moto wa nyuzi 500 hivi; ya Montezuma, Brazili, ndiyo maarufu. Hakuna ubaya, mradi muuzaji aseme.

Kwa kupima, kwatzi ina ugumu wa 7 na hukwaruza kioo cha dirisha bila shida. Obsidiani, yenye 5 hadi 5.5, hujikokota.

Hata hivyo, miaka 3,000 hivi iliyopita wafugaji wa utamaduni wa Elmenteita walipanda Eburru kufuata kijani hiki hiki, ilhali obsidiani nyingine ilikuwepo bondeni. Nyembe zao zimechimbuliwa hadi Gogo Falls, upande wa Ziwa Victoria. Ndiyo maana swali la bei hunitia wasiwasi. Ukiona kipande chenye makali yaliyochongwa, kiache palepale uwaarifu wa makavazi ya Hyrax Hill, hapa Nakuru. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inakilinda.